Kuhesabu na kuhoji wanaolala nje Kariakoo: tuwafundishe nini wanaojitolea?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Ilala. Tunataka kuhesabu watu wanaolala nje katika kata tatu, yaani Kariakoo, Gerezani na Mchafukoge, na kuwahoji baadhi yao, ili tukienda kuomba msaada tuwe na takwimu za kweli. Tumepata vijana 40 wa kujitolea, wengi ni wanafunzi wa vyuo. Tuna siku mbili za mafunzo na fedha za usiku mmoja tu wa kuhesabu. Tuwafundishe nini? Waliolala tuwaamshe? Na wanaotujibu tuwape chochote?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba mmeanza na kuhesabu kabla ya kuomba. Wengi huomba kwanza, kisha hutafuta namba ya kujazia fomu.

Hapo mna kazi mbili, na mnataka kuzifundisha kama moja. Anayehesabu anatakiwa ajue mipaka ya eneo lake, atazame vizuri na aandike alichokiona basi. Anayehoji anaketi na mtu ambaye huenda ameumizwa sana, anamuuliza habari za maisha yake, na lazima ajue wakati wa kunyamaza. Siku mbili zinatosha kabisa kumfundisha kijana kuhesabu. Kuwafanya vijana 40 wawe wadodosaji kwa siku hizo hizo haiwezekani, na watakaoumia ni watu mnaotaka kuwasaidia. Kwa hiyo wote 40 wajifunze kuhesabu. Kati yao chagueni kumi au kumi na wawili wenye utulivu, muwaongezee mafunzo ya kuhoji, na mahojiano yafanyike siku zinazofuata, mchana.

Huku si kukwepa kazi. Marekani, ambako hesabu hizi hufanyika nchi nzima, kila eneo huchagua usiku mmoja ndani ya siku 10 za mwisho za Januari, kisha linaruhusiwa kuendelea kuwatafuta watu kwa siku 7, kila mmoja akiulizwa usiku ule alilala wapi. Utaratibu huo unawafaa nyinyi wenye fedha za usiku mmoja. Ila Januari yao msiichukue. Wao wana baridi kali inayowasukuma watu kwenye makazi ya dharura, na sisi makazi hayo hatuna. Kwetu kinachohamisha watu ni mvua, sikukuu na kamatakamata. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, watu hujipenyeza kwenye majengo yasiyokwisha na pembe ambazo hamtaruhusiwa kuziingia usiku. Siku za kuelekea Iddi, Kariakoo hupokea watu waliofuata sadaka, na wengine hulala hukohuko. Chagueni mwezi mkavu, Julai au Agosti, katikati ya mwezi, usiku wa kuamkia Jumatano. Na kama kumepita operesheni ya kuwaondoa ombaomba wiki hiyo, ahirisheni.

Sasa mafunzo yenyewe. Asubuhi ya siku ya kwanza itumike yote kwa swali moja: nani anahesabiwa? Msiliharakishe.

Pita Mtaa wa Msimbazi saa 8 usiku. Barazani utakuta watu wengi wamejinyoosha, na si wote mnaowatafuta. Kuna mlinzi wa Kimasai aliyejifunika shuka, rungu pembeni. Kuna machinga anayelala juu ya mzigo wake kwa kuogopa wezi. Kuna mama aliyekuja kununua bidhaa kutoka mkoani, basi lake linaondoka alfajiri. Kuna kuli aliyelala juu ya mkokoteni akisubiri lori. Huyu wa mwisho ndiye atakayewagawa vijana wako, na wagawanyike palepale darasani. Ana chumba Gongo la Mboto, lakini siku nne au tano za wiki analala Kariakoo, maana nauli ya kwenda na kurudi inakula pato lake, na kazi ya alfajiri humpata aliyepo. Je, ana makazi au hana? Na yule ombaomba anayeshinda Mnazi Mmoja toka asubuhi, jua likizama anarudi kwenye chumba chake Tandale? Mchana anaonekana kuliko wote, usiku hayumo.

Ushauri wangu ni fomu ya hesabu yenye visanduku vitatu. Cha kwanza, hana mahali pengine pa kulala usiku huu. Cha pili, amelala hapa kwa sababu ya kazi au safari, ana chumba au nyumba mahali fulani. Cha tatu, haijulikani. Kuli wa Gongo la Mboto anaingia cha pili, na anastahili kuandikwa, kwa kuwa idadi ya watu wa namna yake itawaeleza wakubwa wa jiji jambo kuhusu nauli na kodi za vyumba ambalo kisanduku cha kwanza peke yake hakitasema. Lakini asichanganywe na wa kwanza.

Kisanduku cha tatu kitetee kwa nguvu zote. Kijana msomi huona aibu kuandika "haijulikani"; anadhani ameshindwa kazi. Timu itakayorudi usiku ule bila hata mmoja kwenye kisanduku hicho imekisia, na kinachoitwa kukisia mahali pengi, mimi nakiita kupika takwimu. Njia ya kuwazoesha ni hii: andaeni matukio kama kumi, yaigizwe mbele yao, na kila mmoja ajaze fomu yake bila kuchungulia ya jirani. Kisha linganisheni majibu. Tukio ambalo nusu wamejaza hivi na nusu vile, lijadilini mpaka kanuni ieleweke, muiandike, kisha igizeni tukio jingine linalofanana nalo. Waigizaji wasiwe vijana wenyewe kwa wenyewe. Watafuteni watu wawili watatu waliowahi kulala nje Kariakoo, muwalipe posho sawasawa na mkufunzi. Wao wanajua mtu anavyojilaza ili asionekane, mwanamke anavyojifunika aonekane mwanaume, na kwa nini mama mwenye mtoto hujificha nyuma ya meza ya biashara badala ya kulala mwangani na wenzake.

Mchana wa siku ya kwanza tokeni nje na ramani. Gaweni kata tatu katika vipande ambavyo timu moja inaweza kuvimaliza kwa miguu kwa saa mbili na nusu. Kwa vijana 40 nashauri timu 12 za watu watatu, mwanamke asikosekane katika kila timu, na wanne wabaki kituoni wakipokea simu. Makosa ya usiku hutokea mpakani: timu mbili zinahesabu baraza moja, au kila moja inaamini mwenzake amelipitia. Kwa hiyo kila timu itembee kipande chake mchana, iguse mipaka kwa miguu, na iandike mtaa wa mpakani ni wa nani, pande zote mbili au upande mmoja. Wakiwa huko wazungumze na wafagiaji wa barabara, mama lishe na wauza kahawa wanaozunguka na mabirika hadi usiku. Hao wanajua nani analala wapi kuliko ofisi yoyote. Hata hivyo, msihesabu sehemu zenye sifa tu. Kipande kizima kipitiwe, na panapokosekana mtu paandikwe sifuri, maana sifuri iliyoandikwa ni taarifa, lakini fomu tupu haisemi kama mlifika.

Muda wa kazi uwe saa 7 usiku hadi saa 10 kasoro. Kabla ya hapo biashara zinaendelea na watu hawajatulia. Saa 10 alfajiri makuli na mama lishe wanaanza kuingia, na waliolala barazani wanaamka kabla mwenye duka hajafika.

Siku ya pili ni ya namna ya kumwendea mtu. Wafundishe kwa vitendo, tena na tena, wala usiwasomee. Asimsimamie mtu aliyelala chini. Achuchumae hatua mbili mbali, upande ambao anaonekana. Tochi imulike chini, kamwe isimulike uso, kwa sababu anayemulikwa usoni usiku Kariakoo anajua amekuja mgambo. Mwanafunzi wa miaka 21 akimkuta mzee macho, aseme shikamoo na asubiri kuitikiwa kabla ya neno jingine lolote. Nimeona mzee aliyekuwa amegeuzia watu ukuta akigeuka kwa salamu hiyo tu. Kisha ajitaje, aseme kazi iliyomleta, na aseme wazi kwamba yeye si polisi wala mgambo na hana chumba cha kumpa mtu. Kanuni ya Adhabu ina vifungu vya uzururaji ambavyo kwa miaka mingi vimetumika kuwakamata watu hawa hawa. Hofu yao ina sababu, na kijana asiichukulie kama ukaidi.

Akikataa kuzungumza, shukuru, ondoka, na umwandike kwa ulichokiona. Kukataa ni haki yake, na haimfuti kwenye hesabu.

Ameulizwa aliyelala: haamshwi. Usingizi wa mtu wa nje ni wa kuibia. Ukimwamsha saa 8, hana uhakika wa kuupata tena, na huenda ukamwonyesha mwizi alipo. Mhesabu kwa macho. Kama jinsia imefichwa na shuka, andika haijulikani. Kama kuna boksi lililofunikwa na huna hakika kuna mtu ndani, usiguse wala kuchokoa. Andika "huenda" pembeni na mahali lilipo. Itawekwa tofauti mkijumlisha. Kuna hali moja tu ya kuvunja kanuni hii: mtu anayeonekana mgonjwa sana, anayekoroma isivyo kawaida, anayevuja damu au asiyepumua vizuri. Hapo hesabu inasimama, timu inapiga simu kituoni, na kituo kiwe tayari na bajaji au gari. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko palepale.

Watoto nawaombea uangalifu wa pekee. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Vijana wako wamhesabu mtoto, wasimhoji. Mahojiano na mtoto yafanywe na afisa ustawi wa jamii au mtu aliyesomea kazi hiyo, kwa utaratibu wake. Lakini kumhesabu na kupita tu haitoshi pia. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo kabla ya usiku huo kubalianeni kwa maandishi na ustawi wa jamii wa Jiji: nani wa zamu, simu yake ni ipi, mtoto aliye hatarini anapelekwa wapi usiku uleule. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto iandikwe kwenye kitambulisho cha kila kijana. Na msifanye hivyo kwa kumkamata mtoto. Mtoto aliyeburutwa mara moja atakimbia kila anayemkaribia kwa mwaka mzima.

Nije kwenye mahojiano, kwa wale kumi au kumi na wawili. Dodoso lisizidi maswali kumi na mawili, na yote yajaribiwe kwa watu wachache kabla ya kuchapishwa. Swali la kwanza baada ya ridhaa liwe: usiku wa kuamkia tarehe fulani ulilala wapi? Ndilo linalomfunga mtu kwenye usiku wenu, kama Sensa ya 2022 ilivyouliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. La pili: usiku ule, kulikuwa na mtu aliyepita akihesabu ulipolala?

Swali hilo la pili ni la kukagua kazi yenu wenyewe. New York waliwahi kuwaweka mitaani usiku wa hesabu watu wa kupandikiza, yaani wanaojifanya hawana makazi, waone wangapi kati yao watafikiwa, na siku zilizofuata wakawahoji wasio na makazi kwenye huduma wanazotumia, kujua walikokuwa usiku ule. Kuwapandikiza watu Kariakoo usiku sikushauri, ni hatari. Kuuliza asubuhi hakuna hatari yoyote. Nendeni wanakokunywa chai, vyooni wanakolipia kuoga, na kwa ruhusa ya wahusika hata kwenye kliniki ya methadone ya Muhimbili, ambako wanaotibiwa uraibu wa heroini huja kunywa dawa kila siku. Ikiwa watu wengi waliolala ndani ya vipande vyenu watasema walikuwa mahali ambapo hapakufikiwa, mtajua hesabu yenu ni pungufu, na mtajua pungufu ya wapi.

Mkipata fedha za usiku wa pili, kuna hesabu nzuri zaidi. Tuseme usiku wa kwanza mmepata watu 120, usiku wa pili 110, na 80 kati ya hao wa pili walikuwemo pia kwenye wa kwanza. Zidisha 120 kwa 110, gawanya kwa 80: unapata 165. Hilo ndilo kadirio la watu wote, pamoja na wale ambao hamkuwaona usiku wowote. Inafaa tu kama siku ziko karibu na hapajapita kamatakamata katikati. Ili kumtambua mtu mara ya pili bila jina lake, tumieni alama: herufi ya kwanza ya jina lake, herufi ya kwanza ya jina la mama yake, mkoa aliozaliwa, na umri wa kukadiria. Alama hiyo itapatikana kwa waliozungumza nanyi tu, kwa hiyo kadirio lifanywe kwa hao, na waliolala muwaripoti kando.

Katika maswali mengine, jihadharini na "kwenu wapi?" Mtanzania akiulizwa hivyo hutaja kijiji cha babu yake, hata kama amezaliwa Buguruni na hajawahi kukiona. Tenganisheni: ulizaliwa mkoa gani, na kabla ya kuanza kulala nje ulikuwa unakaa wapi. Muda nao usiuulizwe kwa miezi. Tumieni matukio: ulikuwa tayari unalala nje soko la Kariakoo lilipoungua, Julai 2021? Wakati wa sensa je? Mfungo uliopita? Mtu asiye na kalenda ana kumbukumbu ya mambo. Na kwenye sababu, msiweke orodha ya kuchagua. Mwacheni aseme. Atawaambia habari ya mwenye nyumba aliyedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ya mume aliyemfukuza, ya kazi iliyokwisha. Mdodosaji aandike maneno yake, asipambe, na asiulize "kwa nini usirudi kwenu?" Hilo si swali, ni lawama. Mahubiri na ushauri vibaki nyumbani. Akianza kulia, sitisha, kaa naye, muulize kama anataka kuendelea au muishie hapo.

Kuhusu kutoa chochote: usiku wa kuhesabu msitoe kitu. Habari zitatangulia mtaa wa pili kabla yenu na mtahesabu umati uliokuja kupokea. Mahojiano ya mchana ni tofauti, maana mnachukua muda wa mtu anayetafuta riziki. Chai na chapati, au sabuni, vinatosha, na apewe hata aliyeacha katikati. Msiahidi lolote. Wataulizwa, "Mkishatuandika, mnatuletea nini?" Jibu la kweli liandaliwe na kila kijana alijue kwa moyo: tutapeleka hesabu hii kwa wanaoweza kusaidia, hatuna hakika watafanya nini, na matokeo tutarudi kuwaelezeni. Kisha mrudi kweli.

Majina msiandike. Picha msipige, hata ya kumbukumbu ya kikundi, na simu za vijana zisizotumika kujaza fomu zibaki mfukoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto na za afya kati ya taarifa nyeti. Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaioni: ramani yenu inayoonyesha baraza gani lina watu wangapi ni ramani tayari kwa anayetaka kuwaondoa. Ifungiwe, aishike mtu mmoja, na ripoti itaje jumla ya kata tu.

Vibali nitavitaja haraka kwa kuwa mnavijua: barua kwa afisa mtendaji wa kila kata, kwa wenyeviti wa mitaa yote, kwa ustawi wa jamii wa Jiji na kwa polisi, angalau wiki tatu kabla. Polisi na ulinzi shirikishi wajue mko wapi, lakini wasiandamane nanyi. Vijana wavae fulana za rangi moja isiyofanana na sare yoyote ya ulinzi. Pitieni pia Ofisi ya Taifa ya Takwimu kupata ushauri kabla ya kutangaza, na mnapotangaza, semeni hii ni hesabu ya kikundi chenu, ya kata tatu, ya usiku mmoja. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728. Msithubutu kuchukua namba ya Kariakoo na kuizidisha ili kupata ya mkoa mzima, Kariakoo haifanani na Mbagala wala Bunju, na mwandishi wa habari atakayewauliza "kwa hiyo Dar nzima ni wangapi?" ajibiwe kwamba hilo hamkulipima.

Jioni ya siku ya pili wapeni wote mtihani wa matukio mapya. Atakayeendelea kukisia, atakayemsimamia mwigizaji, au atakayetoa simu kupiga picha, mpangieni kituoni apokee simu na kupanga fomu. Ikiwa wanaobaki wanatosha timu tisa tu, punguzeni kata ziwe mbili. Na asubuhi baada ya hesabu, kabla hawajatawanyika, kila timu ikae na msimamizi ipitie fomu yake mstari kwa mstari wakati kumbukumbu bado mbichi, wanywe chai, na wanaotaka kusema walichokiona wasikilizwe. Wengine hawatakuwa wamewahi kumwona mtoto wa miaka mitano akilala juu ya boksi.

Rasimu ya dodoso na orodha ya mipaka ya vipande vyenu nitumie kabla ya kuchapisha, tuvipitie pamoja.